"Urithi wa dunia ulio hatarini" maana yake nini? Cheki Aïr na Ténéré

Watu wengi wakisikia sehemu fulani imeingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini wanadhani imefutwa au nchi imepewa adhabu, hapana. Inabaki urithi wa dunia vilevile, ila hapo UNESCO ni kama imepiga yowe: jamani, kile kilichofanya mahali hapa pathaminiwe kinapotea, njooni na mpango na hela. Utaratibu huu umo kwenye mkataba wa UNESCO wa 1972 wa kulinda urithi wa dunia. Hata kwetu Tanzania umepita, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia 2004 yakatoka 2014, na mwaka huohuo hifadhi ya wanyama ya Selous ikaingia sababu ya majangili wa tembo.

Sasa inayoniuma mimi ni Aïr na Ténéré kule Niger. Ni hifadhi ya kilomita za mraba elfu 77 na kitu, yaani Rwanda na Burundi zinaingia zote na nafasi inabaki, upande mmoja milima ya Aïr iliyotokana na volkano, na kwa sababu ni mirefu inapata mvua kidogo so kuna miti na malisho katikati ya Sahara, alafu upande wa pili ni Ténéré, mchanga mtupu mpaka macho yanachoka. Watuareg wanaishi humo na mifugo yao. Ikawa urithi wa dunia 1991, mwaka uliofuata tu ikawa hatarini, maana vita vilizuka na Februari 1992 wafanyakazi 6 wa hifadhi walitekwa.

Na mpaka leo haijatoka, zaidi ya miaka 30! Bunduki zilibaki mikononi mwa watu, majangili wakawinda swala, miti ikakatwa kuni, alafu wakaja wachimba dhahabu na magari yao, na askari wa wanyamapori ni wachache sana kwa eneo kama hilo. Ndo maana nasema orodha ni yowe tu, yowe halikamati jangili, wanaosikia wasipokuja mnyama anaisha. Mbuni wa kule wenye shingo nyekundu wameshatoweka porini humo, waliopo Niger wanazalishwa ndani ya uzio ili siku moja warudishwe.