Kituo cha Taka si Jaa

Kituo kikuu cha taka kijijini ni mahali palipojengwa ili taka za shehia kadhaa (maeneo madogo ya utawala huku Zanzibar) zikusanywe, zitenganishwe, zipimwe na kuhifadhiwa kwa muda, mpaka kila aina ipelekwe inakostahiki: chupa za plastiki, makopo na chuma chakavu kwa wanunuzi, betri na mafuta machafu ya injini kwa wenye ujuzi wa kuyashughulikia, na mabaki yasiyofaa kwa lolote kwenye jaa rasmi, kama lile la Kibele kwa upande wa Unguja. Linalosikitisha ni kwamba jina hilo siku hizi hupewa shimo lolote lililozungushiwa uzio na kuwekewa bango.

Jaani taka hufika zikabaki. Kituoni kila kinachoingia sharti kitoke, na kituo ambacho vitu havitoki kimekwisha kuwa jaa, hata kikiwa na paa la bati na mlinzi mlangoni. Ndiyo maana mpango wa kituo huanza kwa mnunuzi na njia ya kumfikia, kisha ndipo kitafutwe kiwanja. Chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu haifikii gramu 50, kwa hiyo mapolo machache ya chupa zisizobanwa kutoka Micheweni, Pemba, hujaza gari, na baadaye chombo cha kuvukia Unguja au Dar es Salaam, ilhali sehemu kubwa ya kinachosafirishwa ni hewa. Shehia moja peke yake itangoja muda mrefu kupata mzigo unaolipa gharama ya safari. Shehia kumi zikishirikiana mizani moja, sakafu moja ya zege na mashine moja ya kubana chupa kuwa marobota, zitaupata. Kituo huitwa kikuu kwa sababu ya ushirika huo, wala si kwa ukubwa wa eneo.

Taka za jikoni, ambazo vijijini ndizo nyingi kuliko zote, hazina haja ya kufika huko. Maganda ya mihogo na ndizi yabaki nyumbani yawe mboji ya migomba, kwani yakichanganywa na karatasi huilowesha, na karatasi iliyolowa haina mnunuzi. Utenganishaji basi huanza uani, kabla gari la ng'ombe halijapita kukusanya.

Kuchanganya majina haya mawili, kituo na jaa, kuna hatari kubwa zaidi katika ardhi ya maweni, kama ya Makunduchi na Jambiani, ambako jiwe la matumbawe limejaa matundu na nyufa, na maji ya mvua hushuka upesi bila kuchujwa vya kutosha hadi kwenye maji yale yale tunayoyateka visimani. Kituo huwekewa sakafu ngumu na paa ili mvua ya masika isizioshe taka na kuupeleka uchafu wake chini; shimo halina kinga hiyo, liitwe jina lolote.

Kwa hiyo, kikao cha shehia kikikubaliana kuchimba shimo, ni haki yake kulijadili, lakini muhtasari tafadhali uandike "jaa", ili atakayekuja kulikagua aulize kwanza visima viko umbali gani, badala ya kuuliza marobota yameuzwa mangapi.