Lisbon kwa miguu: dhana potofu na ukweli

Wiki iliyopita nimeyasikia tena maneno yale yale. Mama mmoja wa Tanga, aliyekuja na binti zake wawili wanaoishi Ujerumani, alinionyesha simu kabla hatujamaliza hata kusalimiana: "Mwanangu, mji wenyewe mdogo huu. Tazama, kutoka hapa mpaka ngomeni kilomita moja tu. Saa nne tumeshamaliza, halafu twende Belém, ule mtaa wa kando ya mto, tutatembea." Nikamshauri tuanze kwingine. Hakutaka, na kwa heshima yake nikamfuata. Saa sita mchana alikuwa ameketi kwenye ngazi za Alfama, mtaa wa kale chini ya ngome, akishika goti, na siku yake ya kutembea ikaishia pale.

Wageni ninaowatembeza ni Waswahili wenzangu, wengi wakiwa na makazi Uingereza, Uholanzi, Ujerumani au Oman. Nawapenda. Lakini imani hii ya "mji mdogo" imenichosha, kwa sababu kila wiki inamharibia mtu siku aliyoilipia nauli ya ndege.

Dhana: "Lisbon ni mji mdogo, kila kitu kiko karibu."

Ramani ya simu inakupa umbali. Mwinuko haikupi. Praça do Comércio, ule uwanja mkubwa ulio ukingoni mwa mto Tejo, uko karibu sawa na maji. Ngome ya São Jorge iko kama mita 100 juu yake. Hiyo kilomita moja ni sawa na kupanda jengo la ghorofa thelathini, tena kwa ngazi za mawe zisizolingana, jua la Julai likiwa utosini. Ukishuka upande wa pili unaingia Baixa, ambayo ni bonde kati ya vilima viwili, na ukitaka kufika Chiado unaanza kupanda upya. Wenyeji husema mji wao una vilima saba. Anayetembea bila mpango huvipanda vingine mara mbili.

Tena kuna jambo ambalo ramani inalificha kabisa: hii ni miji miwili iliyoshonwa pamoja. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, watu wakiwa makanisani kwa sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji, bahari ikapanda, kisha moto ukawaka kwa siku kadhaa. Baixa ikateketea. Waziri aliyejulikana baadaye kama Marquês de Pombal aliijenga upya kwa mitaa iliyonyooka, akaigawia mafundi na wafanyabiashara: Rua do Ouro ya dhahabu, Rua da Prata ya fedha, Rua dos Sapateiros ya washona viatu. Ndani ya kuta za nyumba hizo waliweka fremu za mbao zilizosukwa kama tundu la ndege, ili jengo liyumbe bila kuanguka. Humo ndani ya Baixa, dakika kumi za ramani ni dakika kumi kweli.

Alfama, ubavuni mwa mlima wa ngome, ilisalia kwa sehemu kubwa. Vichochoro vyake ni vya enzi ya Waislamu waliotawala hapa hadi mwaka 1147, Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, alipouteka mji. Hata jina lake linatokana na Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji moto, jamaa wa hamamu yetu na mtaa wa Hamamni kule Unguja. Aliyezoea kupita Mji Mkongwe au Lamu ataielewa Alfama mara moja. Kichochoro kinapinda, kinageuka ngazi, kinakutoa kwenye kiwanja chenye kisima, halafu kinakurudisha ulikotoka. Simu hupoteza mwelekeo kati ya kuta. Huko dakika kumi za ramani ni nusu saa, na ndivyo inavyotakiwa, maana huko ndiko kwenye raha yenyewe. Kwa nini uikimbilie?

Kwa hiyo ushauri wangu haubadiliki, nao nautoa kwa wazee na vijana sawasawa: anza juu, teremka. Kuna lifti za bure ambazo wageni huzipita bila kuziona. Moja iko ndani ya jengo la kawaida Rua dos Fanqueiros, inakutoa Rua da Madalena. Ukivuka na kupanda hatua chache unaikuta ya pili, Chão do Loureiro, ndani ya jengo lenye duka kubwa la vyakula, nayo inakufikisha karibu na kuta za ngome. Saa tatu asubuhi ngome inafunguliwa, wewe uko mlangoni na miguu haijachoka. Kutoka hapo ni kushuka tu: Portas do Sol kutazama mapaa mekundu na mto, Alfama bila haraka, kanisa kuu la Sé, mpaka uwanja wa mtoni kwa chakula cha mchana.

Mchana, ukitaka Chiado, ingia kituo cha metro cha Baixa-Chiado upande wa Baixa. Ngazi za umeme zinakupandisha mpaka mtaa wa juu bila kupita geti la tiketi. Ukitoka, nenda kwenye magofu ya kanisa la Carmo. Paa lake liliporomoka mwaka 1755 na sehemu ya ibada haijaezekwa tena. Matao yamebaki wazi chini ya mbingu. Nikikaa pale na wageni huwa siwaharakishi. Hiyo ni siku nzima, imetosha. Atakayekuambia utaongeza na Belém hajawahi kuitembea.

Dhana: "Belém iko hapo hapo." Ni kilomita sita hivi kutoka Baixa kando ya mto. Panda treni kituo cha Cais do Sodré, au tramu namba 15, na uipe nusu siku yake. Usiende Jumatatu, monasteri ya Jerónimos hufungwa siku hiyo, na makumbusho mengi ya serikali vilevile.

Dhana: "Bila tramu 28 hujafika Lisbon." Tramu ni nzuri, sikatai. Lakini foleni ya Martim Moniz, kituo inapoanzia, mchana inakula saa nzima ya siku yako, ndani mnabanana, na wezi wa mifukoni wanaijua njia hiyo kuliko mimi. Ipande asubuhi mapema, au fuata reli zake kwa miguu ukishuka.

Dhana: "Viatu vyovyote vinafaa." Njia za miguu zimetandikwa mawe madogo ya chokaa, meupe na meusi, yaliyosuguliwa na nyayo mpaka yanang'aa. Mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni. Vaa raba zenye soli ya mpira iliyochongeka. Kobazi na viatu vya soli ya ngozi viache hotelini, hata kama picha zitapendeza.

Dhana: "Mkate na zeituni mezani ni ukarimu wa mwenyeji." Hapana. Ukila, vinaingia kwenye bili. Usipovitaka, sema mapema virudishwe, hakuna atakayekasirika.

La mwisho huniuma zaidi ya goti la mtu yeyote. Wengi huniambia: "Historia ya hapa haituhusu, sisi tunapiga picha tu." Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498, amelazwa ndani ya kanisa la Jerónimos, na monasteri hiyo ilijengwa kwa sehemu kutokana na kodi ya biashara iliyopitia bahari yetu. Mwaka 1502 alifika Kilwa na mizinga, akamlazimisha sultani kulipa ushuru wa dhahabu. Dhahabu hiyo ililetwa hapa mwaka 1503, na mwaka 1506 ikawa Custódia de Belém, chombo cha kuwekea Ekaristi, chenye mitume kumi na wawili waliopiga magoti kukizunguka. Makao yake ni jumba la Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, magharibi ya Baixa. Uliza kwanza kama jumba liko wazi, halafu nenda ukaitazame dhahabu ya Kilwa kwa macho yako.