Dengue, kidonge kipya na stori za Kibirizi

Hapa Kigoma ukipima malaria ikatoka hasi na homa bado inakuchoma, mtu atakutajia dengue, na pale Kibirizi wanakoanika dagaa ikishatajwa tu stori ya pili haichelewi, eti wazungu wanawadunga watu wenye afya zao virusi vya dengue ili wajaribishie dawa.

Kudungwa wanadungwa kweli. Ilifanyika Marekani, kampuni ya Johnson & Johnson ilikuwa inajaribu kidonge kinaitwa mosnodenvir. Ila kirusi chenyewe kilidhoofishwa maabara, sio hiki anachobeba mbu anayeuma mchana, na kabla hujapokelewa unapimwa damu waone kama ulishawahi kuambukizwa dengue. Maana dengue ziko aina nne, ukiumwa moja unapata kinga yake, ila ukija kukutana na nyingine ndo hatari ya kuvuja damu inapanda. Kwa hiyo sio mchezo mchezo, na anayejitolea anatakiwa aambiwe hayo yote kabla hajasaini, halafu hata akishasaini akighairi anaruhusiwa kutoka.

"Si wawape wagonjwa tu?" Swali zuri sana hili, na walishafanya hivyo. Vietnam walijaribu balapiravir, Singapore wakajaribu celgosivir, zote kwa wagonjwa wa dengue, na virusi havikupungua kwa maana. Tabu ya dengue ni kwamba virusi vinajaa kwenye damu mapema, homa inapoanza tu, baada ya siku nne tano vinashuka vyenyewe. Sasa mtu wa kwetu leo anameza panadol, kesho mseto wa malaria wa kununua bila kupima, keshokutwa ndo anapanda boda kwenda hospitali, hapo ukimpa dawa akapona utajuaje ni dawa au ni mwili wenyewe? Aliyedungwa unaijua mpaka saa kirusi kilipoingia. Wale wa Marekani walianza kumeza siku tano kabla ya sindano wakaendelea siku 21 baada yake, na kati ya watu 10 wa dozi kubwa, 6 hawakuonekana na kirusi kabisa, wakati watano waliomeza kidonge kisicho na dawa ndani wote walionekana nacho. Watu wachache hao, na kwa jinsi ilivyofanyika hiyo ni kuzuia zaidi kuliko kutibu, mi siwezi kuita tiba.

Kwamba panya wa majaribio ni Waafrika tu, hapana, ndo maana nimesema Marekani. Ila tusifichane, Bagamoyo mwaka 2012 Watanzania waliojitolea walidungwa vimelea vya malaria kwenye utafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, wakafuatiliwa na kutibiwa.

Halafu Oktoba 2024 kampuni ikasimamisha jaribio la mtaani la hicho kidonge, yaani kwa watu wasiodungwa kirusi, basi watu "mnaona, ni sumu". Kampuni ilisema inapanga upya vipaumbele vyake, sio suala la usalama. Kwangu hilo linauma kuliko hata sindano, maana dengue inasumbua zaidi nchi zisizo na hela.

Kwa hiyo akikwambia mtu kuna duka la dawa pale Mwanga linauza kidonge cha kuua dengue, anakupiga, hakuna kilichopitishwa popote. Ni panadol kwa kipimo na maji mengi, na diklofenaki, brufeni na aspirini ziache kwanza mpaka majibu yatoke, hizo zinaongeza kuvuja damu.