Mahmoud Darwish: aliyeandikwa hayupo, naye yupo

Kwa Kiarabu, bayt ni nyumba. Bayt pia ni mstari wa shairi wenye vipande viwili, na kila kipande huitwa misraa, neno lilelile la ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Sisi tulilichukua neno hilo tukapata ubeti, nyumba tukaiacha kwa wenyewe. Kila ninapoanza kufundisha mashairi ya Mahmoud Darwish, mshairi wa Kipalestina, naanzia hapo. Mtu huyu alinyang'anywa bayt ya kwanza akiwa na umri wa miaka saba, akaishi katika ile ya pili mpaka alipokufa.

Alizaliwa tarehe 13 Machi 1941 katika kijiji cha al-Birwa, Galilaya, mashariki ya mji wa Akka. Mwaka 1948 jeshi la Israeli liliuteka ukanda huo, na familia yake ikakimbilia Lebanoni. Mwaka uliofuata walirudi kwa kujificha, wakakuta kijiji kimevunjwa. Ardhi yake walipewa walowezi wa Kiyahudi, wakajenga makazi mapya juu yake. Kwa kuwa familia haikuwapo watu walipohesabiwa, serikali mpya iliwatia katika kundi la ajabu: waliopo-wasiokuwapo. Kwa Kiarabu ni hadhirun ghaibun. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo. Hadhara na ghaibu anazo mdomoni. Sheria ya mwaka 1950 iliichukua mali ya "wasiokuwapo", hata wale waliokuwa wanaishi mwendo mfupi tu kutoka mashamba yao.

Wasomaji wengi huuhesabu uhamisho wa Darwish tangu alipoondoka nchini. Mimi siuhesabu hivyo. Kwangu mimi ulianzia palepale Galilaya, katika kijiji cha watu wengine, kwa mtoto aliyekuwa akivuta hewa ya kwao huku karatasi zikisema hayupo. Mwenyewe alisimulia kwamba, akiwa mwanafunzi mdogo, alitakiwa kusoma shairi kwenye sherehe za kuadhimisha kuundwa kwa Israeli. Akasoma maneno aliyomwelekezea mtoto wa Kiyahudi: wewe una nyumba, mimi sina. Kesho yake aliitwa mbele ya mtawala wa kijeshi, akatishiwa kwamba akiendelea kuandika hivyo, baba yake atafukuzwa kazi kwenye machimbo ya mawe. Shairi la mtoto lilikuwa limemtia hofu mtu mwenye bunduki!

Ukilisoma ukiwa na kisa hicho moyoni, shairi lake maarufu la mwaka 1964 kuhusu kitambulisho linabadilika sura. Linaanza kwa amri: Sajjil! Ana arabi. Nilipolitafsiri mara ya kwanza niliandika, "Andika! Mimi ni Mwarabu." Baadaye nikaona nimelipunguza nguvu. Neno tunalo, tena ni lilelile: sajili. Ukisema sajili, unaiona meza, unaliona daftari kubwa na karani asiyeinua macho. Aliyezoea kuulizwa ndiye sasa anayeamuru, na anayemwamuru ni serikali iliyoandika kwamba hayupo. Ndiyo maana Darwish hakupenda kulisoma baadaye mbele ya Waarabu wenzake. Lilikuwa neno la mtu aliyesimama mbele ya afisa.

Alifungwa mara kadhaa, akawekewa kizuizi cha nyumbani mjini Haifa, na mwaka 1970 akaenda kusoma Moscow. Kutoka hapo hakurudi kuishi Galilaya tena. Alipitia Cairo, kisha Beirut, na baada ya Israeli kuuzingira mji huo mwaka 1982, Tunis na Paris. Mwaka 1988 aliandika tangazo la uhuru wa Palestina lililosomwa Algiers. Mwaka 1993 akajiuzulu uongozi wa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, kwa kupinga makubaliano ya Oslo kati ya chama hicho na Israeli.

Kwangu mimi, kilele chake si siasa hizo. Ni kitabu cha nathari alichokiandika kuhusu siku moja ya Agosti 1982 mjini Beirut, ambamo anatamani kahawa. Jiko linatazama baharini, na makombora yanatoka baharini. Anaomba dakika tano tu za utulivu, apate kuchemsha kahawa. Kisha anaeleza, ukurasa baada ya ukurasa, maji, moto mdogo, kijiko, povu linalopanda na kushuka. Vita vinasubiri nje ya ibriki. Sijasoma maelezo mengine yanayonionyesha kwa karibu hivyo jinsi nyumba inavyoweza kubaki na ukubwa wa jiko moja, na jinsi mtu anavyoipigania hata hiyo.

Mwaka 1996 aliruhusiwa kurudi, akagawa maisha yake kati ya Ramallah na Amman. Miaka miwili kabla ya kufa alitoa kitabu kiitwacho Fi Hadrat al-Ghiyab. Hadhara na ghaibu tena, yale maneno mawili ya afisa, sasa yako mikononi mwa mshairi. Alifariki Houston, Marekani, tarehe 9 Agosti 2008, baada ya upasuaji wa moyo, akazikwa juu ya kilima Ramallah. Al-Birwa hakuzikwa.

Jina la kitabu hicho nimelitafsiri mara nne. Leo linasomeka, "Mbele ya Kutokuwapo". Bado naandika kwa penseli.