Mzee akizeekea ikulu, haki ni ya nani?

Juzi kati tulikuwa na kikao cha elimu ya katiba kijijini, watu wamekaa chini ya mwembe, mi naongea mambo ya ukomo wa uongozi kama siku zote, mara mzee mmoja akanyoosha fimbo badala ya mkono. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika cha pale. Nikamwamkia, nikampa nafasi. Akasema, mwanangu, mi nina miaka 79, sasa ukisema mtu wa umri wangu asigombee urais si umeninyima haki yangu? Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na mi mwenyewe nilibaki nimeshika maiki sina jibu la haraka, maana swali lake ni zuri kuliko mada yangu nzima niliyoandaa.

Jibu nililompa baadae ndo hili naliandika hapa kwa urefu, kwa sababu naona watu wengi tunachanganya vitu viwili: haki ya mtu kugombea, na haki ya mtu kuendelea kukaa.

Nilianza kwa kumrudisha mwisho wa mwaka 2017. Ndani ya mwezi mmoja yalitokea matatu, sehemu tofauti kabisa za dunia, na yote yanahusu swali lake. Tarehe 21 Novemba Robert Mugabe wa Zimbabwe akajiuzulu akiwa na miaka 93, jeshi limeshashika mji na bunge limeanza mchakato wa kumng'oa. Tarehe 28 Novemba mahakama ya katiba ya Bolivia ikasema Rais wao Evo Morales anaweza kugombea tena, eti ukomo wa mihula unavunja haki zake za binadamu. Alafu tarehe 20 Desemba bunge la Uganda likapiga kura 317 kwa 97 kufuta kifungu cha 102(b) cha katiba yao, kilichokuwa kinasema mgombea urais asiwe chini ya miaka 35 wala asizidi 75. Mjadala wake ulishachafuka tangu Septemba, wabunge walirushiana viti ndani ya ukumbi na walinzi wakaingia kuwatoa, nadhani wengi mliiona ile video. Mtaani watu wakawa wanaimba Togikwatako, Kiganda hicho, yaani usikiguse.

Sasa kichekesho cha Uganda ni kwamba Rais Museveni mwenyewe, kwenye mahojiano ya TV mwaka 2012, alisema kisayansi baada ya miaka 75 nguvu hazibaki zile zile. Ila alizaliwa 1944, kwaiyo piga hesabu, uchaguzi wa 2021 ungemkuta na 76 na kifungu kingemzuia. Kikafutwa, akagombea, akatangazwa mshindi. Waliotetea kufutwa walikuwa na hoja ambayo kimsingi ni ile ile ya mzee wangu wa chini ya mwembe: kumzuia mtu kwa sababu ya umri ni ubaguzi. Mahakama ya Juu ya Uganda ilikuja kuyabariki mabadiliko Aprili 2019 kwa majaji wanne dhidi ya watatu, yaani ilibaki jaji mmoja tu mambo yageuke.

Je ni ubaguzi? Twende taratibu.

Haki ya kushiriki kwenye uongozi wa nchi yako ipo, haina ubishi. Kwetu Tanzania iko ibara ya 21, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu unayo kwenye ibara ya 13. Lakini haki hiyo haijawahi kuja bila masharti. Rais wa Tanzania lazima awe raia wa kuzaliwa na awe ametimiza miaka 40. Kijana wa miaka 39 mwenye akili timamu na shahada tatu haruhusiwi, na sijawahi kumsikia mtu yeyote akisema kijana huyo kabaguliwa. Jaji wa Mahakama Kuu analazimika kuacha kazi akifika 60, wa Rufani 65. Mwalimu, nesi, afisa kilimo, 60. Wote hao tunaona sawa tu, tunawafanyia na sherehe ya kuwaaga, keki na zawadi ya jiko la gesi. Ikifika kwa mwanasiasa ndo ghafla umri unakuwa jambo la haki za binadamu.

Kipimo ambacho sisi wanasheria tunakitumia sio "je sharti linamzuia mtu", maana kila sharti linazuia mtu. Tunauliza sharti hilo lina sababu inayoeleweka, linawagusa wote sawa, na je limezidi kiasi? Mfano mzuri tunao hapa hapa. Mchungaji Mtikila alikwenda Mahakama ya Afrika pale Arusha kulalamikia sheria ya kwamba lazima uwe mwanachama wa chama ndo ugombee, na tarehe 14 Juni 2013 mahakama ikamwambia serikali ya Tanzania, hapo umevunja haki. Kwa nini hilo likawa kosa na miaka 40 isiwe kosa? Kwa sababu kumlazimisha mtu ajiunge na chama ambacho hakitaki ni kuingilia uhuru wake mwingine, alafu mlango unabaki umefungwa maisha yake yote kama hataki kujiunga. Miaka 40 inamsubirisha tu.

Hapo mzee akanikatisha. Akasema, sasa mi wa miaka 79 nisubiri nini, nirudi nyuma? Kanibana kweli. Ni kweli kikomo cha juu cha umri kikishakupita kimekupita, na kwa hili mi binafsi (sio msimamo wa ofisi) naona kikomo cha umri ni kifaa butu. Kuna mtu wa 80 anakumbuka bei ya kilo ya pamba ya mwaka juzi, kuna wa 55 ameshachoka. Rais Yar'Adua wa Nigeria alikuwa na miaka 58 tu alipoondoka Novemba 2009 kwenda kutibiwa Saudi Arabia bila kukabidhi madaraka, nchi ikakaa bila mwenye kusaini mpaka Februari bunge lilipoamua makamu wake akaimu.

Ukomo wa mihula ni kitu kingine kabisa. Huo haukuhukumu kwa tarehe yako ya kuzaliwa, unahesabu miaka uliyokaa kitini tu, awe kijana awe mzee. Ndo maana ile hukumu ya Bolivia haikuwaingia watu akilini. Wananchi walishakataa kwenye kura ya maoni Februari 2016, mahakama ikaja kuwapiku kwa jina la haki ya mtu mmoja, Morales akagombea 2019, matokeo yakaleta vurugu, Novemba akajiuzulu. Juni 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikatoa maoni yake, ikasema wazi kuchaguliwa tena na tena bila kikomo sio haki ya binadamu inayojitegemea. Kugombea ni haki, kubaki sio.

Alafu kuna huku kuzeeka kwenyewe, ambako hakumpati kiongozi peke yake, wanaomzunguka nao wanazoea kutomwambia kitu. Septemba 2015 Mugabe alisimama kufungua bunge akasoma hotuba ile ile aliyoisoma Agosti, mwanzo mpaka mwisho, ukumbi mzima unasikia na hakuna wa kumnong'oneza, ikaja kusemwa ni makaratasi yalichanganywa. Alipokuwa anaonekana kasinzia mikutanoni, msemaji wake mwaka 2017 alieleza kwamba hasinzii, anapumzisha macho, mwanga mkali unamsumbua. Cameroon nako, Paul Biya aliyezaliwa 1933 na yuko madarakani tangu 1982, Oktoba 2024 watu walipoanza kuuliza yuko wapi, waziri wake wa mambo ya ndani akapiga marufuku vyombo vya habari kujadili afya ya rais. Mwaka uliofuata akatangazwa mshindi tena, miaka 92, muhula wa miaka saba. Siri ya hospitali ni haki ya mgonjwa yeyote, sawa, ila sisi tunaomlipa mshahara hatuulizi ugonjwa gani, tunauliza kazi anaiweza?

Kwetu Mwalimu Nyerere aliondoka 1985 na miaka 63, akatuachia na neno lenyewe, kung'atuka, amelitoa kwao Kizanaki. Mzee Mwinyi alikabidhi 1995 akiwa na 70 akaishi mpaka 98. Basi watu hudhani sisi suala hili tumeshalimaliza.

Hebu soma ibara ya 37(2) ya katiba yetu. Baraza la Mawaziri likiona Rais hamudu kazi kwa maradhi ya mwili au akili, linapeleka azimio kwa Jaji Mkuu, naye anateua bodi ya mabingwa wa tiba wasiopungua watatu, wakithibitisha anapeleka hati kwa Spika, na zikipita siku saba Jaji Mkuu hajaibatilisha hati hiyo (anaibatilisha kama Rais kapata nafuu na kurudi kazini), kiti kinahesabiwa ki wazi. Imeandikwa vizuri. Lakini angalia nani anaanzisha: mawaziri, ambao huyo huyo Rais amewateua na anaweza kuwatumbua kabla ya chai ya saa nne. Kenya kwenye ibara ya 144 wameuanzishia bungeni, robo ya wabunge wa Bunge la Taifa wanatosha kuleta hoja, mi naona wametuzidi hapo.

Nilimsomea mzee ibara yote polepole. Akatulia, akachora chora mchangani na fimbo, akauliza: hao madaktari watatu mwanangu, mshahara wao unatoka wapi?