Sanduku Lisilopitisha Hewa Halikaushi Risasi

Juma lililopita, kwa mara ya nne mwaka huu, mwanachama wa klabu yetu ya kulenga shabaha alinijia na sanduku la chuma lenye mpira kwenye kifuniko, akaliweka juu ya meza yangu na kusema: "Ami, hebu nitazamie hizi. Sanduku ni zima, mpira ni mzima, na sikulifungua tangu mwaka jana." Nilipoinua kifuniko, harufu ya kuvu ilinitangulia. Paketi ya juu ilichanika mkononi mwangu kama mkate wa mofa uliorowekwa mchuzini, na risasi za milimita 9 zilizokuwamo zilikuwa na mstari mwembamba wa kijani pale kichwa kinapoingia gandani. Tatu kati yake zilikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yote ya ngozi ikionekana, imechorwa kwa rangi ya kahawia juu ya shaba kana kwamba mtu ametia muhuri.

"Lakini Ami," akasema, "sanduku halipitishi hewa."

Kauli hii nimeisikia kwa walenga shabaha wa Nyali, wa Tudor na wa Kizingo, kwa wapya na kwa waliotutangulia, na leo nimeamua kuijibu kwa maandishi ili nisiirudie tena mdomoni. Sanduku lisilopitisha hewa huzuia unyevu usiingie, na kwa sababu iyo hiyo huzuia unyevu usitoke. Aliyelifunga sanduku lake mchana wa Mombasa amefungia humo hewa ya Mombasa, pamoja na kila kilichokuwa kimeinywa hewa hiyo kabla ya kufungwa.

Tuanze na hewa yenyewe, kwani hapo ndipo wengi huishia. Kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ambayo ni hali ya kawaida kabisa hapa kwetu, mita moja ya ujazo wa hewa hubeba takriban gramu 23 za maji. Sanduku la lita 10 basi lina robo gramu tu, yaani matone machache. Wapo wanaodhani kwamba wakisubiri kaskazi, wakati hakuna mvua, watafunga hewa kavu; hawatafanikiwa, kwa sababu mvuke uliomo hewani haupungui eti kwa kuwa mvua haikunyesha, na anayeishi hapa huujua mwezi wa Februari kwa jasho lake. Hata hivyo robo gramu ni kitu kidogo, na kama ndiyo ingekuwa tatizo lote, nisingeandika.

Tatizo ni karatasi ngumu ya paketi. Karatasi hunywa unyevu wa hewa inayoizunguka mpaka ilingane nayo, na kwenye hewa yetu ya pwani huweza kubeba maji karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake huku ukiigusa unaiona kavu. Nilichukua paketi tupu 10, za risasi 50 kila moja, nikaziweka kwenye mizani ya jikoni, zikawa gramu 230. Fanya hesabu mwenyewe: mle mna gramu 20 na zaidi za maji, karibu mara 90 ya maji yaliyomo hewani. Mtu hujitahidi kukagua mpira wa kifuniko, akaupaka hata mafuta ili ubane vizuri zaidi, kumbe ndani ameweka sifongo iliyoshiba, na sifongo hiyo imelala ubavuni mwa shaba usiku na mchana.

Maji hayo hayatulii pia. Chumba kikipata joto mchana, karatasi hutoa mvuke. Usiku, au kiyoyozi kinapowashwa, kuta za chuma za sanduku hupoa kwanza, mvuke ukagandia hapo kama umande na kutiririka chini, ambako karatasi huunywa tena. Ndiyo maana mara nyingi naona risasi za safu ya chini kabisa na zile zilizoegemea ukuta ndizo zilizoharibika zaidi, ilhali za katikati ziko nzima. Nakiri kwamba sijapata kupima ni kiasi gani cha uharibifu kinatokana na mzunguko huu wa joto na baridi, na kiasi gani kinatokana na kulala tu kwenye unyevu wa juu kwa miezi. Nimeona masanduku yaliyokaa chumba kisicho na kiyoyozi, kwenye joto lisilobadilika sana, yakatoka salama kuliko yaliyokaa chumba kinachowashwa na kuzimwa kila siku, lakini masanduku hayo hayakuwa mengi kiasi cha kuapia.

Sasa lile dole gumba. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji na kuyeyuka yenyewe hewa inapofika unyevu wa asilimia 75, na kila aliyewahi kuacha chumvi mezani bila kuifunika katika mji huu ameliona jambo hilo. Jasho lina chumvi. Upepo unaotoka baharini una chumvi. Palipo na unyevu mdogo, alama ya kidole kwenye ganda ingekauka na kubaki doa tu. Hapa haikauki, hubaki tone la maji ya chumvi lisiloonekana kwa macho, likiila shaba polepole kufuata mistari ya ngozi ya aliyeishika. Kwa hiyo anayezihamisha risasi zake kutoka paketi hadi sanduku avae glavu nyembamba au ashike kwa kitambaa safi cha pamba. Mwanachama wangu alizihesabu moja moja kwa mikono mitupu, baada ya mazoezi, saa nane mchana.

Kuhusu mchele. Naomba sana, tena sana, watu waache kutia mchele kwenye masanduku ya risasi. Najua umetoka wapi: umetoka kwenye kidude cha chumvi cha mezani. Lakini mchele wa dukani tayari una maji kiasi cha asilimia 13 hadi 14, na hicho ndicho kiwango ambacho mchele hutulia nacho kwenye hewa ya asilimia 75. Ukiutia sandukuni haunyonyi chochote cha maana, na siku hewa ya sandukuni itakapokuwa kavu kuliko mchele, huo mchele ndio utakaotoa maji. Juu ya hayo huleta vumbi na wadudu.

Chembe za silika, zile za vipakiti vinavyokuja na viatu, ndizo zifaazo, ila kwa kiasi kinachostahili na zikiwa kavu. Silika hubeba maji kama thuluthi ya uzito wake kwenye hewa yenye unyevu mwingi, na chini ya hapo kwenye hewa kavu. Kipakiti cha gramu 3 kilichokaa wazi tangu viatu viliponunuliwa kimekwisha kushiba. Mimi hutumia gramu 100 kwa sanduku la lita 10, nikitumia zile zinazobadilika rangi, kutoka rangi ya chungwa kuwa kijani zinaposhiba, na huzirudisha kwa kuzioka kwenye oveni kwa nyuzi 120 muda wa saa mbili hivi. Kuzianika juani hakutoshi, kwa sababu jua letu huzipasha moto huku hewa yetu ikizinywesha. Na tafadhali usichanganye silika na zile chupa za kukaushia kabati za nguo, ambazo hugeuza unyevu kuwa maji ndani ya chombo: maji yale ni ya chumvi kali, na yakimwagika sandukuni hutamani ungekuwa umetia mchele.

Lakini afadhali kuliko silika yote ni kuiondoa karatasi. Zitoe risasi, zipange kwenye visanduku vya plastiki vyenye matundu, kata kipande cha paketi chenye jina la aina na namba ya toleo, kitie kwenye mfuko mdogo wa plastiki na kukiweka pamoja nazo. Usiitupe namba hiyo: kiwanda kikitangaza kasoro ya toleo fulani, au wewe mwenyewe ukigundua risasi mbili mbovu, ndiyo pekee itakayokuambia zipi nyingine za kutenga. Risasi zilizorundikwa bila asili hazifai kwa mashindano na mimi sizikubali uwanjani.

Wanaoweka risasi kwenye friji wamenichosha pia, ila nitasema kwa ufupi. Baridi yenyewe haidhuru. Kinachodhuru ni siku ya kuzitoa: hewa yetu ya nyuzi 30 huanza kudondosha umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25, na risasi iliyotoka kwenye friji hulowa mbele ya macho yako kama chupa ya soda. Hata aliyezitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20 na aache sanduku limefungwa kwa saa kadhaa mpaka lipate joto la nje, kisha ndipo afungue.

Umri, kwa upande mwingine, unasingiziwa. Baruti isiyo na moshi hutiwa dawa ya kuituliza, na ikikaa mahali pakavu pasipo joto kali hudumu miongo mingi. Mzee mmoja hupenda kunikumbusha kwamba risasi za vita vya 1939 hadi 1945 zingali zikifyatuka, na ni kweli, lakini nyingi za kijeshi zilipakwa vanishi kuzunguka fataki, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, na kuzibwa shingoni, kisha zikafungwa kwenye mabati yaliyolehemiwa kiwandani. Risasi za michezo tunazonunua leo mara nyingi hazina kinga hiyo, na risasi ndogo ya .22 ni dhaifu kuliko zote, kwa kuwa kichwa chake kimebanwa tu mdomoni mwa ganda na kupakwa nta. Joto la kuogopwa ni la buti la gari lililoegeshwa juani kutwa. Kabati la ndani halina neno.

Nadhani jina lenyewe linatupotosha. Tunakiita kitu chote risasi, kwa jina la madini yale mazito ya kijivu, na madini hayo hayaozi, basi tunadhani tumeweka jiwe kabatini. Kilichomo kabatini ni ganda, fataki, baruti na kichwa, vitu vinne vyenye tabia nne. Ganda ni shaba ya manjano, asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki, na mchanganyiko huu una adui wake wa pekee: amonia. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza huko India liliona maganda ya risasi yakipasuka wakati wa masika, likadhani ni mvua, na maelezo kamili yalipatikana mwaka 1921 tu: risasi zilihifadhiwa kwenye mazizi ya farasi, na amonia ya mikojo ndiyo iliyokuwa ikipasua shaba iliyokwisha kuwa na mkazo ndani yake. Nilidhani hii ni hadithi ya zamani hadi nilipoitwa Kisauni kutazama sefu iliyowekwa stoo, ukuta mmoja na banda la kuku, na kinyesi cha kuku hutoa amonia pia. Maganda mawili yalikuwa na ufa wa urefu wa ukucha, bila kutu yoyote ya kutisha. Dawa nyingi za kung'arishia shaba na za kusafishia vioo zina amonia vilevile, na wapo wanaozipangusia risasi ili zipendeze.

Kuhusu mafuta ya bunduki, nilifunzwa kwamba tone moja likipenya huua fataki, na kwa miaka mingi nimewafunza wengine hivyo. Kisha nilipaka risasi 10 za milimita 9 kwa makusudi, nikaziacha miezi miwili, na zote zikafyatuka. Risasi 10 hazithibitishi kitu, nami bado nakataza, ila siwezi tena kusema kwa uhakika niliokuwa nao.

Ninachokisema kwa uhakika ni hatari ya risasi iliyopata unyevu. Ikikataa kabisa kufyatuka, weka mtutu umeelekea shabahani kwa sekunde 30 kabla ya kufungua silaha. Ikitoa mlio hafifu, acha hapo hapo, ondoa risasi zote na kagua mtutu, kwa sababu kichwa huenda kimekwama ndani, na anayepiga ya pili nyuma yake hupasua mtutu mbele ya uso wake.

Idadi ya kuweka haihitaji maneno mengi. Cheti chako chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kinataja kiasi unachoruhusiwa kuwa nacho kwa wakati mmoja, na hicho ndicho kikomo, bei ipande au ishuke. Hata chini ya kikomo hicho, anayepiga risasi 50 kwa mwezi ana haja gani ya kuziweka za miaka mitatu katika mji huu? Andika tarehe kwenye kila kisanduku, na zilizotangulia kuingia zitangulie kutoka.

Zile za juma lililopita tulizipangusa moja moja kwa kitambaa kikavu. Zenye doa la kahawia pekee alizipiga Jumamosi, nami nikiwa nimesimama nyuma yake, na zote zilifyatuka. Zenye kijani shingoni zilikuwa 61. Zimo kwenye kopo lenye maandishi mekundu ofisini kwangu, zikisubiri kukabidhiwa polisi, kwa kuwa hazizikwi wala hazitupwi baharini. Sanduku lake amelichukua, mpira wake ukiwa mzima kama alivyosema, na ndani yake mna visanduku vya plastiki na gramu 100 za silika yenye rangi ya chungwa, ambayo tumekubaliana tutaitazama pamoja kabla ya mvua za mwaka.