Kamera haikufanyi msanii: dhana potofu kuhusu sanaa ya mazoea ya kila siku

Wiki hii tena mwanafunzi amenifungulia simu yake na kunionyesha picha mia tatu za kitanda chake, moja kwa kila asubuhi. "Mwalimu, sijaruka hata siku moja." Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mmoja: kanuni yako ni ipi? Hakuwa nayo.

Hakuna dhana inayonichosha kama hii, kwamba shughuli ya kila siku ikisharekodiwa imeshakuwa sanaa. Haijawa. Kinachoigeuza ni kanuni: fupi, iliyowekwa kabla ya kuanza, na inayokubana mpaka siku yako ibadilike sura. Jaribio limo humo. Kamera ni shahidi tu.

Mtazame msanii Tehching Hsieh. Kuanzia Aprili 11, 1980 hadi Aprili 11, 1981, jijini New York, alipiga kadi kwenye saa ya mahudhurio, ile ya viwandani, kila baada ya saa moja, mchana na usiku. Kila alipopiga kadi, kamera ya filamu ilinasa picha moja. Alianza akiwa amenyoa kipara, kwa hiyo katika filamu ya dakika kama sita unaona nywele zikiota na mwaka ukiyoyoma. Sasa iondoe kanuni ya kila saa: unabaki na picha za mwanamume aliyesimama kando ya mashine. Irudishe, na unamwona mtu ambaye kwa mwaka mzima hawezi kulala usingizi wa kushiba wala kwenda mbali na chumba chake.

Naye mchoraji On Kawara alianza Januari 4, 1966 kuchora tarehe ya siku kwenye turubai, tarehe tupu. Ila alijiwekea sharti: mchoro usipokamilika kabla ya saa sita usiku, unaharibiwa. Ndiyo maana kila turubai iliyosalia inabeba siku nzima ya mtu.

Andika kanuni yako kwa sentensi moja, kwenye karatasi, kabla hujagusa simu. Kwa mfano: kila nikifunga mlango wa nyumba nitasimama hapohapo mpaka nimkumbuke mtu wa mwisho kuupita, niandike jina lake. Ukiona unaitimiza bila usumbufu wowote, ikaze.

Zipo dhana nyingine ninazozisikia darasani. "Nikikosa siku moja, kazi imeharibika." Hsieh alikosa kupiga kadi mara 133 kati ya 8,760, nyingi kwa sababu ya usingizi, na aliziorodhesha pamoja na sababu zake. Kosa lililoandikwa ni sehemu ya kazi. Usilifiche kamwe.

"Maisha yangu ni ya kawaida mno, niongeze kitu cha ajabu." Usiongeze chochote. Ukianza kupiga mswaki juu ya paa, umeacha mazoea yako na kuanza maigizo.

"Kufua na kudeki si mada ya sanaa." Hili huniuma, kwa sababu wanaolisema mara nyingi ni wazazi wenye watoto wadogo, watu wenye malighafi tele mikononi. Msanii Mierle Laderman Ukeles aliandika ilani ya sanaa ya utunzaji, yaani kuzifanya kazi za usafi na matunzo kuwa sanaa, mwaka 1969, akiwa mzazi mpya. Mwaka 1973 aliosha ngazi na sakafu za jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum huko Hartford, Marekani, mbele ya wageni, kama kazi ya sanaa. Kuanzia 1979 akazunguka New York akiwapa mkono wafanyakazi wa usafi wa jiji zaidi ya 8,500, mmoja mmoja, akiwashukuru. Kazi ile ile ya kudeki, ila sasa haiwezekani kuipita bila kuiona.

"Lazima iwe mwaka mzima." Siku saba zinatosha kwa mara ya kwanza, mradi kanuni isilegezwe siku ya nne, kwani hapo ndipo wengi huanza kuibembeleza.